Mikono ya Kukamulia Mbege

Nyumbani kwetu Marangu, mwanamke aliyetaka kutengeneza mbege alianza na mikono yake mwenyewe. Kabla hajagusa ndizi zilizopikwa na kuachwa zichachuke, kabla hajagusa ulezi, alikaa kwenye kigoda nje ya jiko na beseni la maji ya moto, akajisugua kuanzia kucha hadi juu ya kiwiko kwa jiwe lile lile la kusugulia visigino. Alikaa mahali pa kuonekana. Pombe yetu hukamuliwa kwa mikono, na matope ya ndizi humfikia mkamuaji hadi viwikoni, kwa hiyo watakaokunywa wanataka kujua mikono hiyo ilitoka wapi. Bibi yangu alimfundisha hivyo mama yangu siku alipoolewa, naye alikuwa amefundishwa hivyo hivyo.

Mama alikuwa mkamuaji hodari. Watu waliposikia kwamba pombe ya sherehe fulani ni yake, walifika mapema. Mimi, mtoto wake wa tatu, nilikuwa nimerudi nyumbani na shahada yangu ya chuo kikuu kusubiri ajira ambazo serikali, miaka ile ya tisini, ilikuwa imeacha kuzitoa. Sikuwa na kazi, nikafanya kazi ya kuuliza maswali. Nilimuuliza katekista, nilimuuliza mwenyekiti wa kijiji, nilimuuliza baba kwa nini tunaendelea kupalilia kahawa ambayo bei yake inamtia huzuni kila msimu. Mama aliniita Hakimu. "Hakimu ameamka," alikuwa akisema asubuhi. "Leo anashtakiwa nani?"

Magamba kwenye ngozi ya mama yalianza msimu wa masika, ukungu ulipokuwa umelala kwenye migomba tangu asubuhi hadi jioni. Yalianza kwenye viwiko vyote viwili, upande wa nje, mabaka manene yenye mipaka inayoonekana wazi kama yamechorwa. Juu yake kulikuwa na magamba meupe, makavu, kama nta ya mshumaa iliyoparuzwa kwa kisu. Baadaye yakashuka kwenye mikono, yakatokea magotini, yakapanda kichwani hadi yakachungulia chini ya kilemba, kwenye paji la uso. Mama akaanza kuvaa sweta la mitumba la mikono mirefu, hata siku za joto.

Kila mtu alikuwa na jina la ugonjwa huo. Duka la dawa la barabarani lilisema ni fangasi, tukapaka dawa ya fangasi hadi ikaisha bila jambo lolote kubadilika. Jirani mmoja alisema ni ukoma, na hakulisema kwa sauti ya chini. Wengine hawakusema kitu, waliangalia tu jinsi mama alivyopungua mwili, na miaka ile sote tulijua kuangalia kwa namna hiyo kulimaanisha nini. Kaka yangu mkubwa, aliyeuza mitumba mjini Moshi, alileta mrija wa krimu kutoka kwenye meza za vipodozi sokoni, zile zilizoanza kufurika baada ya biashara kufunguliwa. Ile ilifanya kazi. Ndani ya muda mfupi mikono ya mama ilikuwa laini, naye akamsifu kaka mbele ya wageni. Mrija ulipokwisha, magamba yalirudi na wenzao, na ngozi iliyokuwa chini yake ikawa nyembamba kama ganda la kitunguu.

Kanisani, wakati wa kutakiana amani, niliona watu wakimpa mama tabasamu badala ya mkono.

Yote hayo angeyabeba. Alikuwa mtu wa kubeba. Ila mwaka huo kaka alikuwa anaposa, na kwetu mbege inayopelekwa kwa wakwe ni ya mama wa kijana. Yeye ndiye anayeikamua, yeye ndiye anayeionja ya kwanza mbele ya wakwe. Ni neno lake kwao kabla hajafungua mdomo. Kaka alikuwa kifungua mimba wake, na nadhani alikuwa ameisubiri pombe hiyo tangu siku alipomzaa.

Nilikuwa nakaanga karanga nilipowasikia wanawake wa ukoo wakizungumza sebuleni.

"Tusifichane," alisema shangazi, dada yake baba. "Wale wakwe ni watu wa kuangalia."

"Waangalie nini?" aliuliza bibi.

"Mama, unajua. Mikono."

Kisha bibi akasema, kama mtu anayeweka mzigo chini, "Basi mke wa mdogo wa mumewe akamue. Huyu atakaa, atavaa vizuri, atapokea wageni."

"Nitapokea wageni," alisema mama. Alikuwa pale pale, muda wote. "Sawa. Chai itapoa."

Huyo ndiye mama mdogo wangu, mke wa baba mdogo. Nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya mfereji, ndani ya kihamba hicho hicho, shamba la migomba na kahawa ambalo babu aliwagawia wanawe wawili. Hapo ndipo jambo lilipoharibika zaidi, na liliharibika kwa sababu ya ushahidi.

Kama familia nyingi za mlimani, tulikuwa na shamba la mahindi huko chini, kwenye tambarare kavu, mahali tulipopaita porini. Mama aliteremka kupalilia, akakaa huko kwenye kibanda muda mrefu kidogo kuliko kawaida. Aliporudi, mabaka yalikuwa yamesinyaa, na sehemu nyingine za mikono zilikuwa safi kabisa. Akapanda nyumbani, akakaa majuma machache, yakafumuka tena. Akateremka kuvuna, yakatulia. Akapanda, yakafumuka.

Hata mtu asiyesoma angeweza kuunganisha hayo, na watu waliunganisha. Mama anaumwa akiwa kihambani, anapona akitoka. Kwa hiyo kihambani kuna kitu. Na nani yuko kihambani? Na nani sasa atakamua mbege badala yake? Shangazi hakumtaja mtu. Alisema tu, "Mimi sisemi. Nyinyi wenyewe hesabuni." Mama aliacha kupokea chakula kutoka ng'ambo ya mfereji. Mama mdogo, ambaye alikuwa na mdomo mkali na aliyezoea kumtania mama kutwa nzima kutoka upande wake wa maji, akanyamaza.

Mimi sikuamini uchawi. Lakini nilijua pia kwamba kutoamini si jibu. Wanawake wale walikuwa wameona jambo la kweli na kulifuata kwa makini. Kupona kule porini hakukuwa ndoto. Kama nilitaka kuwapinga, ilinibidi nieleze kwa nini tambarare inaponya na mlima unaumiza, na sikuweza. Nilikaa na swali hilo siku nyingi, likinikera kama punje ya mahindi kwenye jino.

Mwishowe nikamwambia mama twende mjini, kwenye kliniki ya ngozi.

"Wakaniambie nini?"

"Sijui. Ndiyo sababu ya kwenda."

"Hakimu hajui kitu," alisema. "Kumbe leo ni sikukuu." Lakini alivaa viatu.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mnene, sauti kubwa, miwani yake ikining'inia kifuani kwa kamba ya kiatu. Nilikuwa nimejiandaa kumchukia. Nilikuwa nimeona madaktari wanaoandika dawa kabla mgonjwa hajakaa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu."

"Vua sweta."

Mama alivua polepole. Daktari akavuta kiti, akauchukua mkono wake, akaushika kiwikoni kwa kiganja chake kitupu, bila glavu, akapitisha kidole gumba juu ya magamba kama mtu anayepima kitambaa dukani. Niliona mabega ya mama yakishuka. Sidhani kama kuna mtu nje ya nyumba yetu aliyekuwa amemgusa hapo kwa muda mrefu.

Akavaa miwani, akamgeuza upande wa dirisha penye mwanga. Akaangalia viwiko, magoti, kisha akafungua kilemba na kuangalia nyuma ya masikio. Akaangalia kitovu, jambo lililomfanya mama acheke. Akazikagua kucha moja moja na kuniita nione: zilikuwa na vishimo vidogo vidogo, kama zimedungwa kwa sindano. Nilikuwa nimekula na mikono ile maisha yangu yote na sikuwahi kuviona.

"Kwanza tuondoe ukoma," alisema, kwa sauti ambayo korido nzima ilisikia. "Funga macho, mama. Nikikugusa, nionyeshe kwa kidole." Akachukua uzi wa pamba, akawa anamgusa taratibu, mara kwenye baka, mara pembeni. Mama alionyesha kila mahali bila kukosea. "Baka la ukoma mara nyingi hupoteza hisia. Haya yanasikia kila kitu."

"Na fangasi?" niliuliza.

"Fangasi hutambaa kama duara, makali yapo ukingoni na katikati panapona. Hapa katikati ndipo panene. Hata hivyo nitakwangua kidogo nikaangalie kwenye darubini, maana macho hudanganya."

"Na pumu ya ngozi?"

Akanitazama juu ya miwani. "Umesoma wapi wewe?" Hakusubiri jibu. "Pumu ya ngozi kwa kawaida hupenda mikunjo, hapa ndani ya kiwiko, nyuma ya goti. Inawasha hadi mtu halali, wakati mwingine inatoa maji. Ya mama imekaa nje, ina mpaka, ina magamba ya fedha, ina kucha, ina kichwa. Hii ni soriasisi."

Kisha akasema jambo lililonifanya nimpende. Alisema vitabu alivyosomea vilionyesha ugonjwa huu kwenye ngozi nyeupe, na viliandika kwamba baka huwa jekundu. "Nikakaa miaka nikitafuta wekundu kwa watu wetu. Kwetu baka linaelekea zambarau, au kijivu, au jeusi kuliko ngozi yenyewe. Likipona linaacha doa, na doa si ugonjwa. Ilibidi nijifunze upya kwa kuangalia."

Mtu mzima, mwenye cheo, aliyekiuliza kitabu chake mwenyewe maswali. Nilisogeza kiti changu karibu.

Alieleza kwamba ngozi ya mama inajitengeneza haraka mno, ya chini inapanda kabla ile ya juu haijaisha, ndiyo maana inarundikana. Mwili wenyewe ndio unaoichochea. Mara nyingi huwa kwenye ukoo. Hauambukizi: si kwa mkono, si kwa kikombe, si kwa kitanda. Alishauri damu ipimwe UKIMWI pia, akaeleza sababu bila kunong'ona wala kumwonea mtu haya, na mama akakubali. Majibu ya damu na ya darubini yalipotoka hayakuwa na tatizo.

Mama alikuwa amesikiliza yote. Sasa akauliza swali lililokuwa lake. "Kama ni mwili wangu, mbona nikiteremka porini napona?"

Daktari hakucheka. Aliweka kalamu chini. "Unapona kiasi gani?"

Mama akamweleza: palizi, mavuno, kupanda, kushuka.

"Huko porini unavaa nini?"

"Kanga na blauzi ya mikono mifupi. Joto lile, mwanangu!"

"Na unaoga maji ya namna gani?"

"Maji? Porini? Tunanawa uso tu. Ndoo moja ya watu wote."

"Na ukiwa nyumbani?"

Mama alieleza, kwa fahari kidogo, jinsi anavyojisafisha. Beseni, maji ya moto, jiwe. Tangu ugonjwa uanze alikuwa akijisugua kila jioni, hata kama hana pombe ya kukamua, kusudi magamba yatoke na asije akasemwa kwamba ni mchafu.

"Hadi damu?"

"Kidogo tu."

"Nyoosha mkono." Daktari alionyesha mstari mwembamba wa magamba kwenye mkono wa kulia, ulionyooka kama reli. "Hapa ulijikwaruza?"

"Waya wa banda la ng'ombe. Kitambo."

"Unaona? Ngozi yenye ugonjwa huu ukiijeruhi, inajibu kwa baka jingine pale pale. Wewe unaisugua kwa usafi, yenyewe inaona vita. Na kule nyumbani kuna ukungu, na ukungu ukiisha unavaa sweta. Porini jua linakupiga mikononi na jiwe huna. Jua la kiasi linautuliza ugonjwa huu." Akaegemea nyuma. "Mama, mchawi wako tumempata. Ni jiwe. Sweta ndilo lililomsaidia."

Sikuwa nimemtajia daktari uchawi, wala mama hakuwa amemtajia. Nadhani daktari alikuwa ameshasikia hadithi za vihamba vingi.

"Una uhakika gani?" niliuliza. Sikuweza kujizuia.

"Sina uhakika wote. Nina dalili zinazokubaliana. Aache jiwe, apate jua, apake dawa, tuone. Yakikataa, mrudishe nami nifikirie upya."

Nilipendekeza kwamba kwa ajili ya ukweli mama aendelee kusugua mkono mmoja, ili tulinganishe.

"Kafanye hayo kwenye mkono wako," alisema mama.

Tuliondoka na mafuta mazito yaliyochanganywa dawa ya kulainisha magamba, na marhamu ya lami ya kupaka jioni, ambayo ilinuka kama barabara inayotengenezwa. Tulipewa pia krimu ya jamii ile ile ya kwenye mrija wa kaka, lakini hafifu zaidi, ya kupakwa juu ya mabaka tu, kwa muda aliopangiwa, na kupunguzwa pole pole. Daktari alisema dawa hiyo ni nzuri mikononi mwa anayejua pa kuishia. Ile ya sokoni haikuwa na anayejua. Aoge maji ya uvuguvugu na apake mafuta ngozi ikiwa bado na unyevu. Akipata malaria, aseme ana soriasisi kabla ya kupewa klorokwini, kwa sababu inaweza kuuamsha ugonjwa.

"Nitapona?" aliuliza mama mlangoni.

"Utatulia. Kupona kabisa sikuahidi. Ugonjwa utakuja na kuondoka, nawe utaijua tabia yake."

Nimesikia ahadi nyingi nzuri kuliko hiyo. Hakuna niliyoiheshimu zaidi.

Asubuhi zilizofuata, ukungu ulipopasuka, mama alikaa uani mikono ikiwa wazi, akichambua maharage. Aliniachia kazi ya kuwaeleza watu, nami nilieleza kupita kiasi. Lakini alichokifanya yeye mwenyewe kilikuwa kikubwa kuliko maelezo yangu. Alisimama ukingoni mwa mfereji, mikono imepakwa mafuta inang'aa, akaita.

"Wewe! Umekufa huko?"

Mama mdogo akatokea kwenye migomba, panga mkononi. "Bado. Kwani umesikia msiba?"

"Nimeambiwa na daktari kwamba aliyeniroga ni jiwe la kusugulia miguu."

Mama mdogo alishusha panga. "Hilo jiwe," alisema, "ni lile uliloazima kwangu ukakataa kurudisha?"

"Ni lile lile."

"Basi ni kweli nimekuroga. Lilikuwa langu."

Walicheka hadi ng'ombe wakageuka kuangalia. Kisha mama mdogo akavuka maji na kukaa chini uani, akajifuta macho kwa ncha ya kanga, na mama akamsogezea ungo wa maharage wachambue wote.

Siku ya kukamua ilipofika, mabaka yalikuwa yamebaki madoa meusi laini na vipande vichache kwenye viwiko. Bibi, shangazi na wengine walikuwa wameshakaa. Mama mdogo, ambaye ndiye aliyekuwa amepangiwa kazi, alikunja mikono ya blauzi, akaenda mbele ya pipa la ndizi, akasimama tu.

"Mgongo unaniuma," alitangaza.

"Tangu lini?" aliuliza shangazi.

"Tangu sasa hivi."

Mama akainuka. Alinawa mikono kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, polepole, mahali pa kuonekana, kama desturi inavyotaka. Jiwe halikuwepo. Shangazi alimtazama bibi, na bibi alikuwa anaitazama ile mikono. Aliivuta karibu, akaigeuza, akapitisha kidole juu ya doa moja. Sijui kama alikuwa anatafuta magamba au anaomba radhi.

"Ndizi zinasubiri," alisema bibi, akaiachia.

Mama alizamisha mikono hadi viwikoni. Walikamua wawili, maana mgongo wa mama mdogo ulipona hapo hapo. Baadaye, ulezi ulipokwisha kuchanganywa na pombe ikapata siku yake ya kuiva, mbele ya wakwe na macho yao yote, mama akiwa amevaa gauni la mikono mifupi alichota kata ya kwanza, akaonja, akampa anayemfuata. Aliyemfuata alikuwa mama mdogo, aliyekuwa amejisogeza mwenyewe mbele ya kila mtu. Alikunywa kwa kirefu, akafuta mdomo, akaitazama kata.

"Ulezi umepungua," alisema.

"Aika mai," mama alimshukuru kwa Kichagga, uso umenyooka kabisa, akampokonya kata na kumjazia mama wa binti.